Saa 48 Analipa Nani?

Kuna sentensi moja ambayo, kwa maoni yangu, imeeneza kuhara na kutapika katika vituo vya kulelea watoto kuliko mikono yote michafu ikijumlishwa. Husemwa getini saa moja asubuhi, kwa sauti ya chini kidogo, na mzazi ambaye mguu mmoja umeshageukia barabarani: "Leo ameamka vizuri."

Na mara nyingi ni kweli. Mtoto katapika mara tatu usiku, alfajiri akalala fofofo, akaamka anacheka na kudai kitu cha kutia mdomoni. Mlezi anamtazama usoni, anamgusa paji la uso, joto hakuna, anampokea. Lakini anajua. Mzazi naye anajua kwamba mlezi anajua, maana mtu aliyefua mashuka usiku wa manane hujulikana kwa macho. Hakuna anayeuliza zaidi, kwa sababu jibu la kweli lingemlazimisha mmoja wao afanye jambo asiloliweza.

Siku mbili baadaye watoto watano wanahara. Siku ya nne ni tisa, na mlezi mmoja kalala kwao. Hapo ndipo wazazi huanza kuuliza maswali, na karibu yote huelekezwa jikoni na chooni: chakula kilipikwaje, maji yametoka wapi, sakafu inapigwa deki mara ngapi. Ni maswali mazuri. Tatizo ni kwamba mlango mkuu wa ugonjwa huu ulikuwa geti, na aliyeufungua hakuwa mchafu wala mzembe. Alikuwa mtu anayewahi kazini.

Tuanze na kirusi chenyewe, maana bila kukijua utashangaa kwa nini mtoto aliyeamka vizuri anaweza kuangusha chumba kizima. Virusi vinavyosababisha kuhara kwa watoto wadogo ni vya aina kadhaa, lakini viwili ndivyo vyenye majina makubwa: vya rota na vya noro. Hivi vya noro vilipata jina kutokana na Norwalk, mji wa jimbo la Ohio nchini Marekani, ambako mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa shule ya msingi waliugua kwa wingi katika muda mfupi. Ilichukua hadi 1972 ndipo Albert Kapikian akafanikiwa kuvitazama kwa darubini ya elektroni. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, hadithi ya virusi hivi ni hadithi ya watoto waliokusanyika chini ya paa moja.

Kinachovifanya viwe hatari kituoni ni hesabu yake. Gramu moja ya kinyesi cha mtoto mgonjwa inaweza kubeba chembe mabilioni, ilhali za kumwambukiza mwingine hazihitaji kufika hata 100. Kuna makadirio yanayosema 18 zinatosha. Fikiria uwiano huo kwa dakika moja. Doa ambalo jicho halilioni linatosha kuwaambukiza watoto wengi kuliko walioandikishwa katika kituo chochote. Tangu virusi viingie mwilini hadi dalili zianze ni saa 12 hadi 48, ugonjwa wenyewe huisha ndani ya siku moja hadi tatu, lakini virusi huendelea kutoka na kinyesi kwa wiki mbili na pengine zaidi baada ya mtoto kupona. Ndiyo maana kanuni inayotumika mahali pengi husema mtoto asirudi kabla ya saa 48 kupita tangu alipotapika au kuhara kwa mara ya mwisho. Saa hizo hazimaanishi kwamba virusi vimekwisha. Ni maafikiano tu: kipindi kibaya kuliko vyote, cha matapishi na kinyesi cha majimaji kisichozuilika na nepi, kiwe kimepita, na hicho kinachobaki kiachiwe sabuni.

Sasa sabuni yenyewe. Nimewahi kukaa pembeni ya meza ya kubadilishia nepi na kutazama tu, bila kusaidia, jambo lililomfanya mlezi anione mtu wa ajabu. Alimlaza mtoto, mkono wa kushoto ukashika vifundo viwili vya miguu, wa kulia ukafuta. Mtoto akajipinda na kupeleka vidole pale pasipotakiwa. Mlezi akavidaka kwa mkono uleule wa kulia. Nepi safi ilikuwa ndani ya droo, na droo ina kishikio. Krimu ilikuwa ndani ya kopo, na kopo lina kifuniko. Mwingine sakafuni akaanza kulia kwa sababu chuchu yake bandia imedondoka. Mlezi akainama, akaiokota, akamrudishia. Kisha, kwa utaratibu kamili, akaenda kunawa. Akafungua koki.

Mwanamke yule alikuwa mlezi mzuri. Alinawa kwa sabuni, kwa muda unaotakiwa, na ukimuuliza atakuambia kwamba hunawa kila baada ya nepi, na hasemi uongo. Ila kabla ya kufika kwenye sabuni alikuwa ameshagusa vitu vitano, na kimojawapo kilikuwa kinywani mwa mtoto mwingine. Na kitu kimoja hakikunawishwa kabisa: vidole vya yule aliyekuwa juu ya meza. Aliteremshwa akiwa na nepi safi na mikono ileile, akatambaa moja kwa moja hadi kwenye kapu la vibao vya kuchezea.

Nimelieleza kwa kirefu kwa sababu "usafi wa mikono" umekuwa neno la bango, na bango halionyeshi mpangilio. Nepi na krimu zikitolewa na kuwekwa juu ya meza kabla mtoto hajalazwa, vishikio viwili vinaondoka kwenye hesabu. Mtoto akinawishwa naye, njia kubwa kuliko zote inafungwa. Faida yake si ya kubahatisha. Mwaka 1981 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliolinganisha vituo vilivyofuata ratiba kali ya kunawa, walezi na watoto pamoja, na vituo vilivyoendelea na mazoea yao. Kuhara kukawa takriban nusu upande wa wanaonawa. Miaka kumi baadaye, watafiti wengine wa nchi hiyohiyo wakaonyesha kwamba hata kumvalisha mtoto nguo juu ya nepi, badala ya kumwacha na nepi peke yake, hupunguza kinyesi kinachosambaa chumbani. Kaptula tu. Hakuna mashine wala dawa.

Kile kichupa cha kitakasa mikono kilichowekwa mlangoni nacho kisitupumbaze. Spiriti iliyomo ndani yake hufanya kazi nzuri kwa virusi vyenye utando wa mafuta, kwa sababu huuvunja. Virusi vya noro na vya rota havina utando huo, na vya noro hasa huipuuza spiriti kwa kiasi kikubwa. Mzazi anayejipaka viganjani, akavuta harufu ya hospitali na kuona amemaliza, amepata faraja zaidi ya kinga. Ni maji yanayotiririka na sabuni, vinavyoving'oa na kuvipeleka chini ya bomba. Kwa sakafu na meza ni klorini, na si ile ya kunyunyizia harufu. Dawa ya kufulia yenye klorini ya asilimia 5, sehemu moja kwa sehemu 49 za maji, inafikia kiwango cha chini kinachopendekezwa dhidi ya virusi hivi. Uchafu uondolewe kwanza kwa sabuni, la sivyo klorini huishia kwenye uchafu wenyewe; kisha dawa iachwe ikae dakika tano angalau. Aliyesafisha kwa haraka akakausha palepale amepaka maji yenye harufu.

Matapishi ndiyo tunayoyadharau zaidi. Tunamkimbilia mtoto, tunafuta palipoonekana, basi. Mwaka 1998 huko Uingereza, mgeni mmoja alitapika katikati ya chakula ndani ya mgahawa wa hoteli uliokuwa na watu 126. Wahudumu walisafisha haraka na chakula kikaendelea. Baadaye wachunguzi walipopanga wagonjwa kufuatana na walipoketi, picha ilijichora yenyewe: kwenye meza yake waliougua walikuwa zaidi ya tisa kati ya kila kumi, meza ya jirani takriban saba, na meza ya mbali kuliko zote mtu mmoja kati ya wanne. Wengi wao hawakumgusa mtu wala kitu chake. Matone madogo yalikuwa yamepanda hewani na kutua. Mwaka 2010 ikatokea ya ajabu zaidi, katika timu ya mpira ya wasichana wa jimbo la Oregon, Marekani, iliyokuwa safarini: mmoja aliugua usiku chooni, ambako palikuwa na mfuko wa vitafunwa. Aliondolewa bila kuugusa mfuko huo. Kesho yake wenzake wakala vilivyokuwa ndani, wakaugua.

Ukiyapeleka hayo kwenye chumba chenye zulia, magodoro ya kulalia mchana na wanasesere wa manyoya, unaona kwa nini eneo la kuhamishwa watoto mtu anapotapika linapaswa kuwa kubwa kuliko doa. Na wanasesere wa manyoya, samahani kwa wanaowapenda, wakae nyumbani msimu wote wa mlipuko.

Narudi kwenye jiko linalolaumiwa. Kuna njia rahisi ya kulitetea au kulitia hatiani, nayo ni kuandika saa. Chakula kikiwa ndicho chanzo, wagonjwa huanguka pamoja, wengi ndani ya siku moja, na hata waliokula bila kukaa na wenzao huugua. Ugonjwa ukipita kutoka mtoto hadi mtoto, hupanda ngazi: mmoja leo, wawili watatu keshokutwa, kundi jingine siku mbili mbele, na huanzia kwenye chumba kimoja kabla ya kuvuka korido. Vituo vingi haviandiki chochote zaidi ya "hayupo, anaumwa". Kwa hiyo kila mlipuko unaisha kwa minong'ono, mpishi akiwa ndiye mtuhumiwa wa kudumu.

Sasa saa 48. Chukua mtoto aliyetapika mara ya mwisho Jumatatu saa nne usiku. Kwa kanuni, saa zake zinatimia Jumatano saa nne usiku, maana yake anarudi Alhamisi asubuhi. Siku mbili za kazi zimekwenda kwa sababu ya mtoto ambaye, kuanzia Jumanne mchana, anaruka juu ya viti na hana alama yoyote ya ugonjwa. Alhamisi hiyo, kwa mwendo wa kawaida wa virusi hivi, mama au baba ndiye anayelala. Katika mwaka wa kwanza wa kituoni, hilo kutokea zaidi ya mara moja si ajabu.

Kwa mwenye likizo ya kuuguza mtoto inayolipwa, hiyo ni kero. Kwa anayelipwa kwa siku aliyofika, ni kipato cha siku mbili. Kwa aliye kwenye majaribio ya kazi, pengine ni kazi yenyewe. Na juu ya hayo, vituo vingi hutoza ada ileile mtoto awepo asiwepo. Yaani tunamwambia mzazi: kaa nyumbani bila mshahara, utulipe kwa nafasi usiyoitumia, ili kuwalinda watoto wa watu wengine. Kisha tunashangaa anaposema ameamka vizuri. Mimi sishangai. Kanuni ambayo mtu mwaminifu anaadhibiwa kwa kuifuata huzaa waongo wenye adabu, na getini wamejaa.

Mlezi naye yumo kwenye mtego huohuo, na kwake ni mbaya zaidi kwa sababu yeye ndiye anayegusa kila sahani na kila nepi. Saa 48 zinamhusu kama zinavyomhusu mtoto. Lakini mahali ambapo mlezi akikosa siku anakatwa, atakuja. Atakuja amefunga tumbo kwa dawa ya kuzuia kuhara, atajitahidi, na atakuwa chanzo cha duru ya pili. Mkurugenzi wa kituo anayeandika sera ya mtoto mgonjwa kurasa tatu, bila kusema neno moja kuhusu malipo ya mlezi mgonjwa, ameandika nusu ya sera.

Najua upande wa pili utanijibu kwamba vituo navyo vimezidi, vinarudisha watoto kwa kinyesi kimoja chepesi. Ni kweli, na hilo linaharibu kanuni kama uongo unavyoiharibu. Kuhara, kwa tafsiri ya Shirika la Afya Duniani, ni choo chepesi mara tatu au zaidi ndani ya saa 24, au zaidi ya ilivyo kawaida ya mtoto huyo. Anayenyonya maziwa ya mama hupata choo laini mara nyingi na hana ugonjwa wowote. Mzazi aliyeitwa atoke kazini mara mbili kwa jambo lisilokuwepo, mara ya tatu hapokei simu.

Jibu jingine ni lile la wazee na baadhi ya madaktari: waache waugue, watajenga kinga. Hili siwezi kulitupa, kwa sababu lina ushahidi. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto walioanza kituo katika mwaka wa kwanza wa maisha huugua tumbo zaidi mwaka huo, kisha huugua kidogo kuliko wenzao katika miaka inayofuata. Kwa virusi vya rota inajulikana kwamba kila ambukizo hulipunguzia makali linalofuata. Lakini angalia ni nani analipa ada ya kinga hiyo: mtoto wa miezi saba, ambaye maji ya mwili wake humwishia haraka kuliko ya mtoto wa miaka minne. Kuchelewesha ambukizo la kwanza hata kwa mwaka mmoja si kumnyima kitu. Tena virusi vya noro vina aina nyingi, na kinga ya aina moja haidumu wala haizuii nyingine vizuri. Hakuna kuhitimu.

Kwa rota, kinga bila ugonjwa ipo. Ruth Bishop na wenzake waliviona virusi hivyo mwaka 1973 huko Melbourne, ndani ya utumbo wa watoto waliolazwa kwa kuhara, na jina likatokana na neno la Kilatini la gurudumu kwa namna vinavyoonekana. Chanjo ya kwanza iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 iliondolewa mwaka uliofuata, baada ya kugundulika kwamba iliongeza hatari ndogo ya utumbo kujikunja ndani yake. Kufikia 2006 nyingine mbili zilikuwa zimepatikana duniani, na 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri chanjo hiyo iingizwe katika ratiba za nchi zote. Mwaka 2000 virusi vya rota vilikadiriwa kuua watoto zaidi ya 500,000. Kufikia 2013 makadirio yalikuwa takriban 215,000. Chanjo hii hutolewa katika miezi ya mwanzo kabisa, kwa hiyo kituo kinachokagua kadi siku ya kuandikisha mtoto wa mwaka mmoja kinaweza kuwa kimechelewa. Kwa noro bado hakuna chanjo iliyoidhinishwa, na palipo na chanjo ya rota kwa muda mrefu, kama Marekani, noro ndiyo imekuwa sababu kuu ya kuhara kunakowafikisha watoto kwa daktari.

Kuhusu matibabu nitasema machache kwa kuwa machache ndiyo yanayohitajika. Antibayotiki haiui kirusi. Dawa za kufunga tumbo hazimfai mtoto mdogo. Kinachookoa ni chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, kijiko kwa kijiko, na akitapika unasubiri dakika kumi na kuanza tena polepole zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Zinki kwa siku 10 hadi 14 hufupisha ugonjwa pale ambapo watoto wengi wana upungufu wake. Macho yakiingia ndani, utosi ukibonyea, mkojo ukikauka kwa saa nyingi, mtoto akilegea au akishindwa kunywa, usisubiri kuche.

Lakini hayo ni ya nyumbani, na mimi nilikuwa getini. Swali "anaendeleaje?" limetengenezwa ili lijibiwe "vizuri". Swali "ametapika mara ya mwisho saa ngapi?" linataka saa. Kituo kimoja ninachokifahamu kilibadilisha swali, kikafungua daftari lenye safu tatu: jina, saa ya mwisho ya kutapika au kuhara, saa ya kurudi. Kwa wiki kadhaa safu ya pili ilibaki tupu, kana kwamba tumbo la mtoto halijawahi kuuma hapo. Kisha wazazi na mwenye kituo wakakaa, wakabishana karibu jioni nzima, na safu ya nne ikachorwa kwa kalamu ya rangi nyingine: siku zisizolipiwa. Mlezi aliyenionyesha daftari hilo anasema tangu siku hiyo simu huanza kuita saa kumi na moja alfajiri, na ombi lake kwa mwenye kituo sasa ni kwamba simu ya ofisi isilale tena kwake.